Mdhamini Awe Ndugu wa Damu

Zahanati, Alhamisi 5 Machi

Mdogo wangu Kishindo,

Kaa kwanza, ndipo usome. Umekaa? Haya. Dada yako ana pikipiki.

Si yangu, ni ya zahanati, lakini nimeshaigusa. Gari la dawa limeileta Jumatatu, nyekundu, kiti bado kina nailoni. Tumeiweka stoo kati ya mizani ya watoto na makasha ya glavu, na kila anayepita anaingia kuisalimia. Msimamizi wetu ametoa sharti moja: mmoja wetu afanye mtihani wa maandishi wa kibali cha kujifunzia, tarehe 30 Aprili. Akifaulu, pikipiki inabaki, iwe ya kwenda kwa kina mama wa ng'ambo ya bonde. Asipofaulu mtu, inapelekwa zahanati nyingine. Mtunza dawa kasema ana kizunguzungu. Mfagizi kasema ana watoto, kana kwamba mimi hapa nafuga njiwa. Msimamizi mwenyewe ana kitambi kitakachofika kwenye taa kabla yake. Nimebaki mimi, miaka arobaini na sita, na kijitabu cha sheria za barabarani kurasa tisini.

Unajua ninavyokwenda ng'ambo: saa mbili kwa miguu, mkoba begani. Mwezi uliopita nilimkuta mama ameshajifungua peke yake, mtoto kifuani, kamkumbatia kwa kanga. Wote wazima, namshukuru Mungu. Lakini nilikaa chini nikalia, na yeye mzazi ndiye akanibembeleza mimi. Sitaki tena kufika wa pili baada ya mtoto.

Basi wewe ndiye bingwa. Miaka kumi na moja unasambaza mikate ya bekari kwa pikipiki, huna hata mchubuko. Nifundishe. Ila usijidanganye: kukaa nyuma yako sikai. Niliapa siku ile pale kona ya kokoto, na kiapo bado kiko gotini, kimeshonwa nyuzi saba.

Simu huku inashika juu ya tangi la maji tu, nami tangi sipandi. Dereva wa gari la dawa anapita bekarini kwenu kila Alhamisi. Mpe barua.

Dada yako,
Mkunga


Bekari, Jumanne 10 Machi

Dada Mkunga, shikamoo.

Barua yako nimeisoma nimesimama, kwa kiburi, nikaishia kukaa juu ya kreti. Mikate sita imekuwa bapa. Mwenye bekari ameniuliza kulikoni, nikamwambia dada yangu anataka kuwa mimi.

Umefika penyewe. Sikiliza siri za kazi, hizi hazimo kitabuni. Breki ya mbele usiiguse, iache pale iwe pambo. Breki ni ya nyuma. Honi ipige mapema na uipige kwa moyo, mwenye barabara ni mwenye sauti. Kofia ngumu inaziba masikio na kuchemsha ubongo, mimi huitundika kwenye usukani, nikiona askari kwa mbali naivaa. Na vioo visikusumbue. Vyangu vimezibwa na kreti mwaka wa tano sasa, na bado niko hai nakuandikia.

Mtihani wenyewe ni maswali ya kitoto. Pikipiki haisomwi kwa macho, dada, inasomwa kwa makalio.

Mwanangu Makombo anakusalimu. Siku hizi nampeleka shule mwenyewe, anakaa mbele yangu juu ya tangi la mafuta, kashika vioo viwili kama nahodha. Ungemwona ungecheka.

Mdogo wako,
Kishindo


Zahanati, Alhamisi 12 Machi

Kishindo,

Marahaba. Nimekaa na kijitabu mkono huu na barua yako mkono huu. Kati ya mashauri yako manne, kijitabu kimekataa matano. La tano ni la Makombo.

Ukurasa wa kumi na nne: breki ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi. Unashika zote mbili kwa pamoja, taratibu, pikipiki ikiwa imenyooka. Kofia inavaliwa kila safari, hata ya kwenda dukani, na mkanda wa kidevuni unafungwa mpaka kidole kimoja kipite kwa shida. Askari hatajwi popote, kwa hiyo nadhani kofia ni ya kichwa, si ya askari. Mzigo usizibe vioo. La honi lina barua yake. Na mtoto ambaye miguu yake haijafika kwenye vikanyagio habebwi, nukta. Wa kwako miguu yake inafika wapi? Ana miaka mitano. Niambie, maana sikucheka.

Sasa nina swali la kunipa moyo. Maswali ni thelathini, kufaulu ni ishirini na sita. Wewe siku yako ulipata ngapi?

Dada yako,
Mkunga


Bekari, Jumatano 18 Machi

Dada, shikamoo.

Huku joto limekuwa kali mno, hamira inaumuka kabla hujaigeuzia kisogo. Tanuri la pili limepata ufa. Fundi kaja, kalitazama, kakuna kichwa, kala mikate miwili akaondoka. Mke wangu mzima, kuku wake wametaga. Paka wa jirani pia mzima.

Mtihani wangu ulikuwa zamani sana, dada. Maswali ya enzi zile yalikuwa mengine. Nilipata za kutosha.

Lakini la breki ya mbele sikubali, kitabu kiseme kisemavyo. Mimi na wewe tunajua ilitufanya nini. Ulikuwa unakwenda kuanza kazi, gauni jeupe jipya, sanduku mapajani, nami kijana wa miaka kumi na saba nimeazima pikipiki ya watu. Nisingeigusa breki ile pale kwenye kona usingekuwa na nyuzi saba. Sijaigusa tena tangu siku hiyo. Miaka ishirini na miwili, dada. Si utani.

Mdogo wako,
Kishindo


Zahanati, Alhamisi 19 Machi

Mdogo wangu,

La kona ya kokoto nitakujibu nikishajua la kujibu. Namfurahia paka wa jirani.

Leo nina shida ya haraka. Nimeambatanisha fomu ya mtihani. Kwangu nimeshajaza kote, imebaki Sehemu ya G. Nakunukulia usije ukasema maandishi madogo: "Mdhamini awe ndugu wa damu wa mtahiniwa, mwenye leseni halali ya pikipiki." Unajaza namba ya leseni, tarehe iliyotolewa, na sahihi. Bila hiyo hata mlango wa chumba cha mtihani siugusi.

Kwako ni kazi ya dakika mbili. Irudishe Alhamisi ijayo, leseni yako si iko mfukoni.

Dada yako,
Mkunga


Bekari, Jumatano 25 Machi

Dada yangu, shikamoo, na pole.

Fomu imepata ajali. Niliiweka juu ya meza nikisafisha mikono, upepo ukaja, ikaangukia kwenye mashine ya kukandia unga. Kabla sijapiga kelele ilikuwa donge. Kuna mtu mtaani mkate wake wa Jumamosi ulikuwa na Sehemu ya G.

Hivi lazima awe ndugu wa damu? Hakuna shemeji, jirani, mtu wa heshima tu?

Mdogo wako,
Kishindo


Zahanati, Alhamisi 26 Machi

Kishindo,

Nimekuletea fomu tatu. Moja ya kukanda, moja ya kupoteza, moja ya kujaza.

Ndugu wa damu tuko wawili duniani, mimi na wewe. Mimi siwezi kujidhamini. Kina mama ng'ambo ya bonde wameshaanza kuniuliza pikipiki inaanza lini, na yule aliyejifungua peke yake ameleta ndizi, eti za mafuta ya pikipiki. Nimeziweka stoo karibu nayo.

Sina mwingine, mdogo wangu.

Mkunga


Nyumbani, Jumanne 7 Aprili

Wifi yangu mpendwa,

Hii barua ni siri. Nitampa dereva mwenyewe, mkononi, na nitamwambia akimpa mume wangu hatakula tena mkate wa bure.

Wifi, kumbe hana leseni! Miaka tisa ya ndoa, sijui. Alianguka mbele yangu kama gunia Jumapili ile baada ya barua yako ya fomu tatu, akasema kila kitu. Eti siku ya kuajiriwa aliulizwa "pikipiki unaijua?" akajibu "naijua," yakaishia hapo. Kila mwaka akawa anasema mwakani. Mtu akizoea uongo mdogo hukua nao nyumba moja.

Kesho yake akaenda mwenyewe kumwambia mwenye bekari. Nilidhani kazi imekwisha. Mzee kanuna, kisha kampa wiki tatu na baiskeli. Asipoleta leseni ndani ya hizo wiki, anatafutwa mtu mwingine. Basi mikate inakwenda kwa baiskeli, na mguu wa kulia umevimba, lakini kelele hana.

Ijumaa akafanya mtihani. Wifi, kapata kumi na sita. Kumi na sita kwa thelathini! Kasema maswali yalikuwa marefu. Karudi, kalala, kajifunika shuka mpaka kichwani saa nane mchana.

Sasa ndio nakuandikia. Kijitabu anakisoma mstari mmoja anasinzia, anasema hakimtanii. Lakini barua yako ile ya mashauri matano ameigundisha ukutani kwa ugali wa unga wa ngano, na yote yaliyomo ameyashika. Ameichora mifuko ya unga alama zote za barabarani, Makombo anamsimamisha uani anamuuliza kwa fimbo. Akikosea anaambiwa akimbie mpaka kwenye banda la kuku na kurudi. Kuku wamekonda kwa hofu.

Mwandikie tena, wifi. Jifanye hujui. Mtihani wa pili ni tarehe 17.

Wifi yako


Zahanati, Alhamisi 9 Aprili

Kwa bingwa wa pikipiki, mdogo wangu Kishindo,

Hujarudisha fomu, najua una kazi nyingi, sikukimbizi. Ila nakuandikia kwa sababu mambo hayakai kichwani. Nikiyaandika kwako yanakaa. Vumilia, mtu wa leseni yake.

Kuna swali la umbali kati yako na gari lililo mbele. Nilidhani ni hatua. Kumbe ni muda. Gari likipita nguzo, unaanza: elfu moja na moja, elfu moja na mbili. Ukiifikia nguzo kabla hujamaliza, umemganda mtu mgongoni. Mvua ikinyesha hesabu mara mbili yake. Najizoeza kwa miguu nyuma ya mfagizi, ameanza kunishuku.

Lingine, mvua yenyewe. Hatari kubwa ni ya dakika za kwanza, inapochanganyika na mafuta na vumbi barabarani. Mimi ningesema mvua kubwa ndiyo mbaya. Wewe ulilijua hilo, bila shaka.

Kabla ya kuhama upande, vioo havitoshi. Unageuza shingo utazame begani, maana kuna mahali kioo hakifiki, na gari zima linaenea pale. Na kabla ya safari unazunguka pikipiki kama ninavyomzunguka mama aliyeletwa na machela: matairi, mnyororo, breki, taa, mafuta. Honi, mdogo wangu, ni ya kuonya. Si ya kutawala.

Nimeacha la mwisho kwa makusudi. Nilisema nitakujibu la kona ya kokoto.

Ukurasa wa thelathini na moja nimeusoma mara nne. Kona inaingiwa ukiwa umeshapunguza mwendo. Ndani ya kona, pikipiki imelala, chini kuna kokoto, breki yoyote ukiibana ghafla utaanguka. Ya mbele, ya nyuma, yoyote. Na ukitazama shimo utaliendea shimo, macho yanakwenda na usukani.

Sasa nikumbushe. Uliingia pale kwa kasi kwa sababu nilikuwa nakusifu. Nilikuambia, "Mdogo wangu kumbe mwanamume!" Ukageuka kunitazama ucheke. Nakumbuka meno yako yote. Kwa hiyo haikuwa breki ya mbele, Kishindo. Umeifungia breki isiyo na hatia miaka ishirini na miwili. Ilikuwa mwendo, kokoto, na dada anayeongea na dereva. Theluthi moja ya nyuzi zile ni zangu.

Sikuwahi kukukasirikia. Niliapa kwa sababu niliogopa, nawe ukadhani nimekuhukumu. Nilipaswa kukuambia zamani.

Dada yako,
Mkunga


Bekari, Jumatano 22 Aprili

Dada yangu mzaliwa wa kwanza, shikamoo mara thelathini.

Fomu hii hapa. Sehemu ya G imejaa. Itazame vizuri tarehe ya kutolewa leseni: 20 Aprili, mwaka huu huu. Kalamu haikukosea. Ni juzi.

Sikuwa nayo, dada. Sikuwahi kuwa nayo. Nimekudanganya wewe, mke wangu, mwenye bekari na kila mwenye duka. Nilitaka kukuandikia hayo tangu ile barua ya paka, kalamu ikakataa. Niliogopa utasema: huyu huyu aliyeniangusha, kumbe na hili.

Mara ya kwanza nilifeli. Alama sikutajii. Mara ya pili nimepata ishirini na nane! Nilipofika swali la gari la mbele nikajikuta nasema kwa sauti "elfu moja na moja", msimamizi wa mtihani akanionya. Lile la kona nililijibu nimefumba macho. Yote mawili niliyokosa ni ya honi. Tabia ni ngozi.

Jumatatu ukawa mtihani wa uwanjani. Kuzunguka koni za plastiki, kupunguza mwendo, kugeuza shingo, hayo nilikwenda nayo vizuri. Kisha mkaguzi akasimama mbali na bendera. Akasema, njoo kwa mwendo wa kati, nikishusha bendera simama kabisa, breki zote mbili. Dada, vidole vyangu vilikataa. Miaka yote hiyo vimezoea kukaa mbali na breki ile. Nikaja. Nikatazama mbele, si chini. Bendera ikashuka. Nikabana, taratibu, kama ulivyosema.

Ikasimama. Ikasimama tu, imenyooka, mguu mmoja chini. Mkaguzi akaandika kitu, akaniuliza mbona sishuki. Sikuweza kushuka, nilikuwa nalia ndani ya kofia na kioo kimejaa ukungu.

Kreti nimepunguza, vioo vinaona. Makombo sasa natembea naye shule, dakika ishirini na tano, na njiani ananiuliza maswali ya mtihani. Kila Jumapili tunampandisha pikipiki iliyozimwa tupime miguu. Bado kiganja kimoja na nusu.

Nenda ukafaulu. Umedhaminiwa na mtu halali.

Kishindo, mwenye leseni


Zahanati, Alhamisi 30 Aprili

Kishindo wangu, mwenye leseni,

Nimepata ishirini na tisa! Pikipiki inabaki! Msimamizi amenikumbatia mpaka kitambi kikanisukuma nyuma, mtunza dawa amepona kizunguzungu ghafla, na mfagizi kapiga vigelegele wagonjwa wakatoka nje kutazama nani kazaliwa. Nilikosa moja, la gari la zimamoto. Nimefurahi mpaka mashavu yanauma.

Sasa nikae chini, nawe kaa. Nina la kuungama.

Fomu ile haipo. Mtihani hauna Sehemu ya G wala mdhamini wala ndugu wa damu. Niliichora mimi kwa rula, mtunza dawa akaitoa nakala kwenye mashine ya zahanati, na ule muhuri wa zambarau ni wa chanjo, nimeugonga nusu usisomeke. Nilijua huna leseni tangu barua yako ya kwanza. Mtu aliyeusomea mtihani ule hawezi kuyaita maswali ya kitoto. Nikawaza nikuulize waziwazi, nikajua utacheka na kuniletea habari za hamira.

Nilichoshindwa kuvumilia ni Makombo juu ya tangi. Yule nilimpokea kwa mikono hii, alikuwa mkononi mwangu kabla hajawa mkononi mwako. Nikaona heri nikudanganye mara moja wewe uwe na hasira na uhai.

Nisamehe. Hasira yako naisubiri kwa gari la Alhamisi.

Dada yako,
Mkunga


Bekari, Jumanne 5 Mei

Dada Mkunga mwenye kibali, shikamoo na hongera! Tumeoka mkate wa pongezi wenye umbo la pikipiki. Umetoka kama ng'ombe, tumeula hivyohivyo.

Hasira hakuna, kwa sababu nilijua.

Siku ile ya kwanza kwenda kujiandikisha, asubuhi kabla sijamwambia mwenye bekari, niliibeba fomu yako. Nikamwuliza yule mama wa dirishani, je, mdhamini akipata leseni wiki ijayo, anaruhusiwa kujaza? Akaigeuza fomu. Akaigeuza tena. Akamwita mwenzake: "Njoo uone, ndugu wa damu!" Wakacheka mpaka foleni nzima nyuma yangu ikaanza kucheka bila kujua inacheka nini. Akanirudishia: "Baba, hii ofisi yetu haina. Kuna mtu anakupenda sana, au anakuchukia sana."

Ningeweza kuondoka, dada. Sababu ya kuja ilikuwa imekwisha palepale. Lakini nikawaza: dada yangu hajawahi kudanganya hata umri wake, leo amekaa na rula akachora mistari kwa ajili yangu. Nikamwambia yule mama, niandikishe hivyohivyo.

Ndiyo maana niliijaza yote, mpaka sahihi. Nilitaka uwe nayo.

Nami nimejifunza kuchora. Fomu yangu hii hapa. Ijaze ukimaliza mafunzo ya uwanjani, uirudishe. Haina muhuri kwa sababu bekari haina chanjo.

Kishindo


Zahanati, Alhamisi 18 Juni

Mdogo wangu,

Wiki mbili za mafunzo zilipita, nikaanguka mara mbili nikiwa nimesimama, nikapata leseni. Sikukuandikia kwa sababu kuna mtu alikuwa anakuja, na nilitaka nikuandikie akishafika.

Juzi asubuhi nimeitwa ng'ambo ya bonde. Nimevaa kofia, nimefunga mkanda, nimeizunguka pikipiki kama mgonjwa, nikaondoka. Dakika thelathini na tano. Kwenye kila kona nilipunguza kabla, nikatazama ninakokwenda, nikakuwaza. Nilimkuta mama anatembea uani kashika kiuno, akaniuliza, "Umefika saa hizi?" kama mtu aliyetegemea jioni. Tukapata muda hata wa kunywa chai. Nimefika wa kwanza, Kishindo. Mtoto amefika wa pili, wa kike, mapafu mazuri.

Fomu yako nimeijaza kama ilivyo.

FOMU YA KUMBEBA DADA

Jina la abiria: Mkunga.

Safari inayoombwa: Kutoka stendi hadi nyumbani kwetu, kupitia kona ya kokoto.

Je, abiria ana kofia yake mwenyewe? Ninayo. Nyekundu.

Je, abiria anaahidi kutomsifu dereva akiwa ndani ya kona? Naahidi. Nitamsifu tukishatoka.

Je, kiapo cha miaka ishirini na miwili kinaendelea? Hapana. Kimefutwa leo, mbele ya mfagizi.

Tarehe ya kufika: Jumamosi 27 Juni, basi la saa nne.

Je, abiria yuko tayari kukaa nyuma ya mdogo wake? Ndiyo. Ila kurudi stendi ninaendesha mimi. Mdhamini akae nyuma, ashike vizuri.

Sahihi: Dada yako wa damu